Mateke 16 kwa sekunde moja

Tangu Januari, kila usiku nakaa ukingoni mwa kitanda: mto mapajani, vijiti mkononi, pedali mbili zikigonga godoro lililokunjwa. Drams zenyewe nazipata Jumapili tu, kanisani. Hapa Kimara nimepanga chumba, na ukuta unapitisha hata kikohozi.

Ninazitafuta bipiemu 240, yaani mapigo 240 kwa dakika, manne kwa sekunde. Piga hesabu: kila pigo ligawe mara nne, unapata mateke 16 ya pedali za ngoma kubwa kwa sekunde, 8 mguu wa kulia, 8 wa kushoto. Mimi nimekwama kwenye 170. Nikipita hapo paja linakaza, na likishakaza basi tena. Miaka yote niliamini kasi ni nguvu. Kumbe huko juu paja linaachwa lipumzike, kazi inashuka kwenye kifundo cha mguu: mtikisiko mdogo, kama wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Aliyenivuta kwenye dethi metali ya kiufundi, muziki mzito wa gitaa na drams za kasi na ufundi mwingi, ni Flo Mounier, mpiga drams wa Cryptopsy, bendi ya Montreal, kwenye albamu yao ya 1996, None So Vile. Mara ya kwanza nilisikia mvua juu ya bati. Nikaipunguza kasi kwa nusu kwenye simu, na ndani ya ile mvua mlikuwa na mtu anayejua kila toazi analigusa kwa nini. Nilikesha.

Halafu kuna bendi ya Archspire wa Vancouver. Mwimbaji wao, Oli Aleron, hangurumi tu juu ya muziki, anatema silabi kama rapa, na kwenye albamu yao Bleed the Future zilikimbizana na miguu ya Spencer Prewett, aliyekuwa mpiga drams wao. Albamu hiyo ya 2021 ina dakika thelathini na ushei, na mimi nikiimaliza natweta.

Wenzangu wa kwaya husema hiyo ni kompyuta. Ipo ya kompyuta kweli: Muhammed Suiçmez wa bendi ya Necrophagist alitoa albamu ya kwanza mwaka 1999 drams zikiwa za mashine. Mwaka 2004 ikaja Epitaph, Hannes Grossmann akapiga kwa mikono na miguu yake. Naiheshimu ile ya kwanza, lakini ninayoirudia ni Epitaph. Kule kuna mtu ambaye angeweza kukosea, na hakosei.

Jana nilishika 174 kwa sekunde arobaini, paja limelegea kabisa. Leo naanza tena na 120.