Maumivu ya aina tatu, mimi nayatibu kama moja: uzoefu wangu baada ya kuumia ubongo

Nianze na daftari, mana bila hilo daftari nisingekuwa na cha kusimulia, kwanza nisingekumbuka. Nilianguka na pikipiki, kichwa kikapiga lami, nikalala siku kadhaa sijitambui, kuja kuamka upande wa kushoto hausikii amri yangu. Ya hospitali nimehadithiwa tu. Wananiambia nilifika na alama 9 kwenye kile kipimo cha fahamu cha Glasgow, kinachoanzia 3 mwisho 15, kwa hiyo nikawekwa kundi la kati, sio hafifu sio kali. Helmeti nilivaa ila mkanda wa kidevuni sikufunga, na hapo sina la kujitetea.

Kilichonishinda ni nyumbani. Hospitali nesi anakuja na dawa saa yake, unameza, basi. Nyumbani umepewa mfuko wa dawa na maneno "ukisikia maumivu meza mbili", sasa mtu aliyeumia ubongo kumbukumbu yake ni pakacha, nikimeza saa nne ikifika saa tano sikumbuki kama nimemeza, kichwa bado kinagonga, nameza tena. Mke wangu alikuwa ananipa kabla hajatoka asubuhi, mdogo wangu akija mchana ananiuliza, kaka umekunywa dawa? Namjibu bado. Najibu kwa moyo mweupe kabisa, sidanganyi, kichwani mwangu kweli bado. Parasetamoli kwa mtu mzima haitakiwi ipite gramu 4 kwa siku, yaani vile vidonge vya miligramu 500 mwisho 8 ndani ya saa 24, na mwenye ini bovu au mwili mdogo anaambiwa ashuke chini ya hapo. Na bado nilikuwa na vingine vyenye kodeini, dawa ya maumivu iliyo kali zaidi, ambavyo navyo ndani yake vina parasetamoli ileile. Siku tulipokaa tukahesabu paketi tupu mke wangu hakusema kitu, alikaa tu.

Ndo akaja dada mmoja wa utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudie maisha yake, hawa wanaopita majumbani. Kumbe tulikuwa tumeandikiwa tangu siku ya kuruhusiwa ila karatasi ilikuwa imelala kwenye bahasha ya picha za kichwa. Akaniuliza unaumwa wapi, nikamwambia kichwa. Kichwa wapi? Nikapandisha hasira, nikamwambia kichwa ni kichwa! (hasira za ghafla nazo ni sehemu ya jeraha, baadae nilimuomba radhi, akacheka). Hakubishana, akachora mistari kwenye daftari: saa, panapouma, nilikuwa nafanya nini, kali kiasi gani kutoka 0 mpaka 10, nimemeza nini. Sheria ya nyumba ikawa hakuna kidonge kinachoingia mdomoni kabla hakijaandikwa, na vidonge vyote vikahamia kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku, funguo anakaa nayo mke wangu. Nilijisikia kama mtoto, siwezi kuficha.

Akatuandikia pia kitu kimoja ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu: kichwa kikiuma kwa namna mpya na kikazidi kila saa, au kikaja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, au mkono ukazidi kulegea kuliko jana, hapo hakuna cha kuandika daftarini, ni hospitali moja kwa moja, mana damu inaweza kujikusanya polepole hata wiki kadhaa baada ya ajali. Tulikimbia mara moja usiku, ikawa sio, na sijutii.

Baada ya wiki tatu daftari likaanza kuongea. Maumivu yalikuwa aina tatu. Kuna kichwa cha kubana kote kama kofia ndogo, kila siku, naamka nacho. Kuna kile kinachoanzia kisogoni kinapanda mpaka nyuma ya jicho, hicho kinakuja nikishainama na simu au nikikaa muda mrefu. Alafu kuna bega la kushoto, usiku. Mimi vyote nilikuwa navijibu kwa kidonge kilekile.

Cha kwanza ndo kilichoniacha mdomo wazi. Daktari alipitisha kidole kwenye ile safu ya dawa, akasema hiki kichwa sasa unakilisha mwenyewe. Dawa za kawaida za maumivu ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, zile zenye kodeini siku 10, ukaenda hivo zaidi ya miezi 3, dawa zenyewe zinageuka kuwa sababu ya kuumwa kichwa. Kodeini akanipunguzia kidogokidogo, parasetamoli akaisimamisha. Wiki ya kwanza usiniulize, niliandika 9 mpaka kalamu ikachoka, nikamtukana kila mtu, wiki ya pili 7, kuna asubuhi wiki ya nne nimeamka nikawa natafuta kichwa kinachouma nikakikosa. Akaniongezea amitriptilini dozi ndogo usiku. Hiyo niliikataa siku mbili nzima mana nilisoma kwenye karatasi yake kwamba ni dawa ya sonona, nikasema mimi sina sonona mimi nina kichwa, mpaka akanielewesha kwamba kwa dozi ndogo inatuliza mishipa ya fahamu na inaleta usingizi. Mdomo unakauka na asubuhi unakuwa mzito, ila nililala, na nikilala namba zinashuka.

Bega ilikuwa makosa ya upendo. Mkono uliolegea misuli haushikilii, kiungo kinateremka kwa uzito wa mkono wenyewe, sasa kila aliyekuja kuninyanyua kitandani anakamata mkono uleule anavuta, au ananikwapua kwapani. Yule dada hakuwahutubia. Alimlaza mdogo wangu kitandani akamwambia legeza mkono kabisa usinisaidie, akauinua taratibu kidogo tu, dogo akasema mbona mzito hivi! Kuanzia siku ile wakaninyanyua kwa kunishika kiunoni, nikikaa mkono unalalia mto, kitambaa cha kuning'inizia navaa nikitembea tu, nikikaa natoa, mana ukikaa nacho kutwa kiwiko kinakakamaa kikiwa kimekunjwa. Miezi miwili bega likatoka 8 mpaka 4. Kidonge hakikuhusika.

Hapo kwenye kukakamaa nina kisa. Kuna wiki mkono ulijikunja vidole vikaingia kiganjani havifunguki, nikajua basi ubongo umeharibika upya. Mtaalamu wa fiziotherapia, yule wa mazoezi ya viungo, akauliza swali ambalo sikulitegemea, umepata choo lini? Siku ya tano hiyo. Kumbe kwa sisi misuli inaweza kukaza kwa sababu ya kitu kingine kabisa mwilini, kibofu kimejaa, choo kigumu, kucha imeingia nyamani, kidonda ambacho hujakihisi. Na kodeini inafunga choo. Kwa hiyo kidonge cha kichwa kilikuwa kinanikunja vidole, hebu fikiria.

Kile cha kisogoni kilichukua muda zaidi mana kilihitaji nibadilike mimi. Siku nikijisikia vizuri nafanya yote, nakunja nguo, natembea, naongea na kila mtu, alafu siku mbili chali. Yule dada wa utengamao akasema usisubiri mpaka uumie ndo uache, acha saa ikisema. Tukaanza kukunja nguo dakika 8, pumzika 5, alamu inalia naacha hata kama shati liko nusu. Ilikuwa inaniudhi vibaya mno. Kila wiki tunaongeza dakika 2 tu, hata kama najiona ngangari, na simu naishika usawa wa macho. Mwezi wa tatu nilikuwa nafanya nusu saa bila kisogo kupiga kelele.

Kitu nilichombishia zaidi ni pale alipoacha mwili wangu akaanza kwenda kwa majirani na kwa bosi wangu. Majirani walishaamua nalewa, mana nayumba na maneno yanatoka polepole. Nikamuuliza hii nayo ni tiba? Akanionyesha jedwali kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 wa utengamao wa kijamii, lina nguzo 5: afya, elimu, riziki, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Afya ni moja tu. Nilidhani maneno ya makaratasi. Lakini nikiangalia daftari, kushuka kukubwa kabisa baada ya kuacha vidonge kulikuja nilipoanza kazi nusu siku, meza yangu imehamishwa mbali na kelele, mapumziko kila saa. Maumivu yaleyale, ila nilikuwa sina muda wa kukaa kuyasikiliza. Na kile kikundi cha sisi tulioumia tunachokutana kila baada ya wiki mbili, kuna jamaa anachomwa sindano za kulegeza misuli ya mkono zinazodumu kama miezi 3, kuna mama hawezi kuongea na wanawe wamejifunza kumsoma uso kujua anaumwa wapi, kabla ya hapo walikuwa wanadhani ni mkorofi tu. Huyo mama ninamfikiria sana. Mimi nilikuwa na mdomo wa kusema "kichwa" na bado ilichukua wiki tatu kueleweka.

Sijapona, watu wananiuliza. Mkono unafungua mlango, kifungo cha shati bado. Daftari hili ni la nne. Mdogo wangu akiniuliza umekunywa dawa sijibu tena, nafungua ukurasa. Wa jana una mstari mmoja: saa nane usiku, bega, 4, nilikuwa nimelilalia, dawa hamna.