Gari ya mjomba na kutu ya Shangani

Jana Jumamosi nimefunua turubai ili nioshe gari kabla mvua hazijaanza, nikafika nyuma ya mlango wa kushoto, pale chini karibu na tairi la nyuma, nikaona rangi imetuna kama ngozi iliyomwagikiwa mafuta ya moto. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia. Yaani kimeingia chote, nikasikia bati linavunjika kama biskuti iliyolala nje, nikakaa palepale kwenye mchanga na sponji mkononi sijui dakika ngapi.

Gari yenyewe ni Eunos Roadster ya 1991. Ilikuwa nyekundu, sasa hivi boneti imeshaenda kwenye pinki. Viti viwili, kofia ya turubai unaikunja kwa mkono, na taa za mbele zimelala ndani ya boneti mpaka ubonyeze swichi ndo zinafumbuka, kwa hiyo watoto wa mtaani wanaiita chura. Eunos ni jina ambalo Mazda walikuwa wanalitumia kwenye maduka yao fulani huko Japani, gari ni ileile inayojulikana Ulaya kama MX-5. Injini 1600, gia ya mkono, inasukumwa na matairi ya nyuma, na uzito wote haufiki tani. Sio gari ya mbio kiviile, Toyota IST ikiwa mpya mpya inaweza kukutia aibu kwenye kilima, ila kwenye kona bana, kwenye kona hakuna cha IST.

Ya mjomba wangu hiyo. Na nikisema mjomba simaanishi anko wa kwenye harusi, sisi Wamakonde mjomba ndo mwenye neno, ndo alinilipia ada mpaka nikawa mwalimu. Alikuwa fundi mitambo melini, mrefu kama mnazi, hana makuu, halafu 2013, ile miaka ya mradi wa gesi asilia ambayo kodi za nyumba za hapa Shangani, Mtwara, zilipanda kama zina mapepo, akaagiza hii kitu kutoka Japani. Umri wake ulikuwa umeshapita miaka kumi kwa hiyo akabandikwa na ushuru wa uchakavu juu, mama anasema kodi ilizidi bei ya gari, akanuniwa na ukoo mzima. Akaifuata mwenyewe Dar. Kilomita kama 560, na kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga enzi hizo lami ilikuwa haijaisha, gari tumbo linagusa chini, akafika Mtwara usiku mweupe kwa vumbi kama mtu wa mashine ya unga, anacheka peke yake. Mama hajawahi kumuona anacheka vile.

Halafu akaifunika.

Ndo kitu ambacho sikuwahi kukielewa. Ilitoka Idd zote mbili, na Jumapili moja moja anaenda nayo Mikindani, anageuza, anarudi, anaifuta, anaifunika. Kila mwezi wa sita analala chini yake na brashi anapaka oili chafu. Alipofariki 2021 na gari ikaja kwangu (wanawe walichukua nyumba ya Ligula, hakukuwa na ugomvi, msianze) nikapiga hesabu kwenye dashibodi na karatasi za bandarini. Miaka nane, kilomita 3,100. Toa zile za kutoka Dar, unabaki na mia tatu na kidogo kwa mwaka. Haifiki hata kwenda Lindi na kurudi mara mbili. Mtu alihangaika vile kwa ajili ya safari mbili za Lindi kwa mwaka!

Na mimi nikaendeleza. Miaka minne sasa naenda shule na bajaji. Nina gari ya michezo uani, na asubuhi nimesimama barabarani na madaftari ya watoto nimebanwa katikati ya watu wawili na ndoo ya dagaa. Nikiulizwa nasema ile ni ya kutunza. Kila Jumapili naiwasha dakika kumi, nasikiliza mlio, nazima, naona nimefanya jambo.

Sasa kichekesho. Mimi nafundisha kemia. Kila mwaka kidato cha kwanza tunafika kwenye mada ya kutu, nachukua misumari, naweka kwenye testi tyubu. Moja ina maji ya kawaida. Moja maji yaliyochemshwa yakamwagiwa mafuta juu hewa isiingie. Moja kavu kabisa, ina ile kalsiamu kloraidi ya kunyonya unyevu. Na moja, kwa sababu tuko Mtwara, naongeza mwenyewe maji ya bahari, nawatuma watoto wakayachote. Halafu nauliza, jamani, upi utaanza? Wote wanajua. Mtoto yeyote wa Shangani ameona grili ya dirisha kwao na geti kwao, hahitaji mwalimu. Chuma kinataka maji na oksijeni, basi, na chumvi inapokuwepo mambo yanakwenda mbio zaidi.

Nimefundisha hivyo miaka kumi na mbili na uani kwangu, bahari iko hatua chache, nimeweka gari juu ya mchanga, nikaifunika na turubai la plastiki mpaka chini. Unyevu unapanda kutoka ardhini usiku, unagonga turubai, unarudi kwenye bati. Upepo wa kusi miezi mitano unaleta ukungu wa chumvi, unaingia kwa chini, hautoki. Mimi sikuwa natunza gari, mi nilikuwa nimejenga testi tyubu ya nne.

Nikamwita fundi wangu wa Chikongola. Akaja na pikipiki, akapiga magoti, akagonga gonga na mpini wa bisibisi akisikiliza kama daktari wa kifua.

"Mwalimu, hii haijaanza jana."

"Naona fundi."

"Maji yanapita wapi kwenye hii kofia, unajua?"

Sikujua. Kumbe nyuma ya viti, kofia inapokunjwa, kuna vijitundu viwili vya kutolea maji, kushoto na kulia, yanateremka kwa ndani na kutoka chini ya gari. Cha kushoto kimejaa majani ya mwembe yaliyooza na uchafu sijui wa mwaka gani. Mvua ikipiga maji hayatoki, yanakaa ndani ya ule ukingo wa chini ya mlango, yanakula bati kwa ndani kwenda nje. Ukija kuona rangi imetuna ujue ndani kazi ilishakwisha zamani. Anasema gari za aina hii ndo ugonjwa wao huo, sehemu hiyohiyo. Na zile dakika kumi zangu za Jumapili akazicheka kabisa. Injini haijapata moto wa kutosha, mvuke unabaki maji kwenye ekzosi na kwenye oili, bora ningeiacha imezimwa au niende nayo mahali pa maana nusu saa. Akanionyesha diski za breki zilivyo na rangi ya chungwa, raba za madirisha zimekauka zinakatika, tairi zina kashata, yaani yale meno yake, lakini zimepasuka pasuka pembeni kwa uzee.

"Hii gari haijachoka kwa kutembea," akasema. "Imechoka kusimama."

Haya. Kwa hiyo jibu ni niiendeshe kila siku, sivyo? Ngoja kwanza, maana kuna watu wanaongea kama vile barabara zetu ni za kwenye kalenda.

Kutoka hapa mpaka shule kuna matuta tisa, nimeyahesabu, na matatu yake gari itakwangua tumbo hata nikipita kiubavu. Sasa hivi ni Oktoba, msimu wa korosho umefunguka, malori yanashuka bandarini mchana na usiku, na kabla ya korosho na baada ya korosho kuna ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Ukiwa kwenye Roadster macho yako yako usawa wa nati za tairi la semitrela. Dereva hakuoni, hata akitaka. Shuleni hakuna banda, kuna mwembe, na mwembe unadondosha utomvu, na chini ya mwembe kuna vidato vinne vya watoto wenye mikono. Halafu spea. Mwaka jana kile kisilinda cha chini cha klachi kilianza kuvuja, nikaagiza kupitia mtu wa Kariakoo, Mei hiyohiyo 2024 kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, kifaa cha kuenea kiganjani kikakaa siku kadhaa kwenye basi upande wa pili wa maji. Kwa gari ya Idd na Idd haikuwa shida. Ingekuwa ndo ya kwendea kazini ningefanyaje?

Mama naye hataki kusikia. Nilimwambia jana jioni nafikiria kuitumia, akaacha kuchambua mchele. "Gari ya kaka yangu uende nayo feri kununua samaki?" Nikamwambia mama mi naenda shule sio feri. "Leo shule, kesho feri." Na ana haki, namjua binti yake.

Kuna jamaa mwingine wa Dar, anakusanya magari ya zamani, aliniona nayo Mikindani akanipa namba. Ushauri wake: usiiguse, tengeneza bodi, ifungie, baada ya miaka kumi itakuwa hela. Huwa nafikiria anachosema, sidharau, mshahara wa mwalimu mnaujua. Ila nimesoma, hizi gari zimetengenezwa nyingi mno. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago 1989, na kufika 2016 matoleo yote kwa pamoja walikuwa wameshatoa milioni moja, hii ya taa za chura peke yake ni laki nne na ushee. Sio lulu. Zinazopata bei ni zile zilizokaa kwenye banda kavu, baridi, lina mashine ya kukausha hewa, yaani testi tyubu namba tatu. Mimi banda la hivyo nitalitoa wapi Shangani, hata chumvi yangu ya mezani haimwagiki ikifika Machi. Milioni moja duniani, na Mtwara nzima sijawahi kuona ya pili, hizo hesabu mbili zote ni za kweli na hazinisaidii.

Hapa mjini tuna mtaa unaitwa Reli na hakuna reli. Ilikuwepo, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilienda mpaka Nachingwea, karanga zikawashinda, miaka ya 60 mwanzoni ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Mjomba alipenda kunionyesha palipokuwa njia. Sijui kwa nini nimeikumbuka, labda kwa sababu nilikuwa nimekaa mchangani natazama tundu.

Niwaambie kitu ambacho sijamwambia hata mama. Kiti cha dereva sijawahi kukisogeza. Mjomba alikuwa na miguu mirefu, mi mfupi, klachi siifikii. Miaka minne yote, zile mara chache nilizotoka nayo, naweka mto mgongoni. Mto wa kitandani kabisa, wenye foronya ya maua. Ile siku ya Mikindani niliendesha hivyo, kofia nimeshusha, alfajiri, ile barabara inapoteremka unaiona ghuba yote na mitumbwi na minazi, gari inaingia kona ile ya chini kama imetumwa, nikapiga kelele peke yangu kama kichaa. Nikarudi, nikaifuta, nikaifunika. Na mto nikautoa nikaurudisha kitandani.

Fundi amesema akate bati lililooza pande zote mbili, achomelee jipya, apake rangi ya kuzuia kutu ndani kabla ya puti, sio baada. Vijitundu nivizibue mwenyewe kila mwezi kwa waya laini. Turubai la plastiki nilitupe, nijenge kibanda cha makuti kilicho wazi pembeni upepo upite, na chini nimwage zege. Kila nikitoka nayo nimwagie maji ya bomba kwa chini kutoa chumvi. Bei aliyosema siiandiki, nimeomba tugawe mara tatu. Na tumekubaliana siku za shule, Jumatatu mpaka Ijumaa, masika tutaona. Njia nitazunguka kwa nyuma, kuna matuta manne tu na malori hayapiti.

Alipokuwa anafunga vifaa vyake nikamwambia fundi, na kiti, nisogezee kiti. Akavuta kile kichuma cha chini, hakikutoka. Reli za kiti nazo zina kutu, hazijatembea tangu mjomba. Akanyunyiza dawa, tukasubiri, tukanywa chai, akanyunyiza tena, akakaa kwenye kiti akajitingisha kama mtoto kwenye bembea, nikaingia upande wa pili nikasukuma na miguu. Kikatoa mlio mmoja mbaya sana, mama akachungulia dirishani.

Kimesogea vidole vinne. Klachi naifikia.