Kwa kayaki hadi kwenye yoti iliyokwenda vita viwili

Kutoka Lawrenceburg, Indiana, tulivuka mto Ohio kwa kayaki asubuhi na mapema, upepo bado umelala. Cha kuogopa hapo si mawimbi bali matishali: tagi (boti ya kusukuma) moja husukuma hata 15 yaliyofungwa pamoja, urefu wa mita 300 ushei, na nahodha hakuoni ukiwa karibu na omo, yaani sehemu ya mbele. Yakitokea, subiri yapite yote.

Upande wa Kentucky ingia Taylor Creek. Kijito ni chembamba, matawi yameinama hadi majini. Ukikwama kwenye tope usishuke kusukuma. Mguu unazama hadi gotini.

Mbele kidogo yoti imelala, nyekundu kwa kutu. Ilijengwa Wilmington, Delaware, mwaka 1902, ikaitwa Celt, yoti ya mvuke ya mita 57 hivi ya tajiri wa reli, J. Rogers Maxwell. Mwaka 1917 jeshi la majini la Marekani liliikodi kwa jina la Sachem, na mvumbuzi Thomas Edison akafanyia humo majaribio ya kugundua nyambizi. Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zikizamisha meli karibu kabisa na pwani, na manowari za kulinda hazitoshi, jeshi hilo likaichukua tena, safari hii kwa kuinunua, likaiita Phenakite, ikafanya doria Florida Keys, visiwa vya kusini mwa Florida.

Kuigeuza yoti kuwa manowari si kupaka rangi ya kijivu tu. Bomu moja la aina ya Mark 6, linaloangushwa majini lilipuke kinani na kuvunja nyambizi, lina kilo 190. Sita tu ni zaidi ya tani moja, na yote hukaa tezi, yaani nyuma. Tezi ikididimia, omo huinuka na usukani unakuwa mzito kuitikia, hivyo lazima uongeze farumi (uzito wa kusawazisha chombo) mbele. Chini ya mzinga zisimamishwe nguzo hadi kwenye mataruma (mbavu za chombo), la sivyo kila ukipiga sitaha inaachia na kuvuja. Na chombo kikienda polepole, bomu lililotegwa lilipuke kina kifupi linakivunja chenyewe.

Tulisogea hadi ubavuni. Bamba zimeungwa kwa riveti, si kulehemu. Vichwa vingi vimeliwa na kutu, na maungio yamefunguka. Vyuma vilivyochakaa juu ni vya baadaye, ilipotembeza watalii New York. Ililetwa hapa miaka ya 1980.

Usipande: sitaha imeoza, na ardhi inayoizunguka ina mwenyewe. Ukirudi, elekeza omo juu ya mkondo kidogo, usije ukashukia Aurora, mji ulio chini ya mto.