Panya, sumu ya nyoka na deni la anayepima

Kabla dawa ya kukata sumu ya nyoka haijaruhusiwa kutoka kiwandani, hupimwa kwa panya. Ni panya weupe wa maabara, wenye uzito wa gramu 18 hadi 20 hivi, wanaopangwa katika vikundi vya watano au zaidi. Sumu huchanganywa na dawa katika chupa ndogo, mchanganyiko huachwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa nusu saa, kisha panya huchomwa sindano kwenye mshipa wa mkia au tumboni. Baada ya saa 24 au 48, mpimaji huhesabu waliokufa na waliobaki hai. Kinachotafutwa ni kiasi cha dawa kinachookoa nusu ya panya, na ili kipatikane ni lazima kwanza panya wengine wafe, ijulikane ni sumu kiasi gani inayoua nusu yao bila dawa yoyote. Hesabu hii ya nusu kwa nusu ilianzishwa mwaka 1927 na J. W. Trevan, mtafiti wa Uingereza, na ingali inatumika.

Mimi ni mfamasia katika hospitali ya wilaya, na dawa hii naijua kwa upande wake wa pili: vichupa vilivyopangwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, vikimsubiri mkulima aliyekanyaga kifutu jioni akitoka shambani. Kila kichupa ninachopeleka wodini kimetanguliwa na vifo vya panya, na ningekuwa mnafiki kulilaani jaribio hilo huku nikilitegemea. Hata hivyo, anayelitegemea jambo ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuuliza kama linafanywa ipasavyo.

Tusijifiche nyuma ya maneno laini. Sumu ya koboko hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia nayo ikagoma, na mnyama hukosa pumzi akiwa na fahamu zake. Sumu ya kifutu huvimbisha, huvujisha damu na kuozesha nyama. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakiri kwamba majaribio haya yana mateso makubwa, na inahimiza wapimaji wafikirie kutumia dawa za maumivu kama mofini, na wamuue kwa njia ya upole panya ambaye ni dhahiri hatapona, badala ya kungoja saa zitimie. Wapo watakaosema kwamba ni panya tu, na kwamba sote tumewatega ghalani bila kupoteza usingizi. Mimi naona tofauti. Panya wa ghalani ameyafuata mahindi yangu mwenyewe. Yule wa maabara nimemzalisha, nimemfungia, na nimemtia sumu kwa makusudi. Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya chuo cha Kurani tunaikumbuka habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Aliyemfungia mnyama ndiye mwenye dhamana yake.

Pamoja na hayo, sioni namna ya kuliacha jaribio hili leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuumwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa watu wa vijijini. Sumu ya nyoka mmoja ni mchanganyiko wa protini nyingi, nyingine zikishambulia neva, nyingine damu, nyingine nyama. Vipimo visivyotumia mnyama vinaweza kuonyesha kwamba kingamwili zilizomo katika dawa, yaani protini za kinga zinazoikamata sumu, zimeshikamana nayo, ila kushikamana peke yake hakuthibitishi kwamba kifo kimezuiwa. Bila panya, atakayelijibu swali hilo ni mgonjwa.

Historia ya dawa hii inaonyesha vizuri majaribio hayo yamefundisha nini, na somo limepuuzwa kwa kiasi gani. Albert Calmette, Mfaransa wa Taasisi ya Pasteur, alitengeneza dawa ya sumu ya fira katika miaka ya 1890, na aliamini kwamba ingefaa kwa nyoka wa kila aina. Daktari Vital Brazil, huko Brazili, aliijaribu dawa hiyo kwa wanyama waliotiwa sumu ya nyoka wa nchi yake, akaona haiwaokoi. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba dawa hufuata nyoka: iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa huku haina ahadi yoyote kwa aliyeumwa na nyoka wa kule. Jambo hilo limejulikana kwa zaidi ya karne moja, na wanyama walilipia ujuzi huo kwa uhai wao.

Sasa tazama yaliyotokea Ghana. Mwaka 2004, katika eneo moja la vijijini, dawa iliyokuwa ikifanya kazi ilibadilishwa na nyingine iliyotoka India, na vifo miongoni mwa walioumwa vikapanda kutoka chini ya asilimia 2 hadi asilimia 12 hivi. Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanunuzi wa dawa Afrika, kwa bahati mbaya, hawakushtuka. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, shehena ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016, na pengo hilo likajazwa na chochote kilichopatikana kwa bei nafuu. Mwaka 2017 watafiti wa Liverpool na wenzao wa Kenya walichapisha matokeo ya kuzipima kwa panya dawa zilizokuwa zikipatikana Kenya, dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki, na wakaona kwamba baadhi yake zilikuwa dhaifu mno.

Nami nimewahi kupokea boksi la namna hiyo. Nilipofungua kile kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa mara nyingi, nikasoma kwa herufi ndogo orodha ya nyoka wanne: fira wa India, kraiti, kifutu wa Russell na kipiri wa India. Kifutu wetu hakuwamo, wala koboko, wala swila atemaye mate. Dawa ile ilikuwa halali, haijaisha muda, na bila shaka panya walikufa ili ipate muhuri wake. Ila walikufa kwa kulijibu swali la watu wengine. Familia ikikuta dawa ya hospitali haifai, itarudi kwenye jiwe la nyoka, na sitakuwa na uso wa kuwalaumu.

Hapo ndipo ulipo ubaya mkubwa kwa maoni yangu, mkubwa kuliko sindano yenyewe. Anayemtesa mnyama ili ajue jambo anakuwa na deni la kulitumia analolijua. Mamlaka inayosajili dawa bila kudai matokeo ya kipimo dhidi ya nyoka wa nchi yake, na mnunuzi anayeangalia bei peke yake, wanayafanya mateso yale kuwa ya bure, kisha wanamwongeza binadamu juu yake.

Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka misingi mitatu ambayo hadi leo huongoza maabara nyingi: tafuta mbadala wa mnyama, punguza idadi yao, na punguza maumivu yao. Ningependa kuona vipimo vya chupa, visivyotumia mnyama, vikitangulia, ili dawa isiyoshikamana kabisa na sumu ikataliwe kabla ya panya hata mmoja kuguswa. Ningependa pia kipimo chenyewe kifanane zaidi na maisha: panya huchomwa sumu iliyokwisha kuchanganywa na dawa, ilhali mgonjwa wangu hufika saa kadhaa baada ya kuumwa, sumu ikiwa imeshaenea mwilini.

Hata dawa mpya zinazosifiwa bado zinapitia njia hiyo hiyo. Mwaka 2025 watafiti wa Marekani walitangaza mchanganyiko uliotokana na kingamwili za Tim Friede, mtu aliyejiumisha kwa nyoka wenye sumu zaidi ya mara 200 kwa hiari yake. Panya waliotiwa sumu za nyoka wa aina 19 wa jamii ya fira na koboko walikingwa, kikamilifu kwa aina 13 na kwa kiasi fulani kwa 6 zilizobaki. Kifutu si wa jamii hiyo, kwa hiyo mkulima wangu asubiri kwanza.

Kilichonivutia zaidi ni hatua waliyosema wanakusudia kuifuata: kuijaribu dawa hiyo kwa mbwa wanaopelekwa kwa madaktari wa mifugo nchini Australia wakiwa wameumwa na nyoka. Mbwa huyo hakufugwa kwa ajili ya jaribio, hakuna aliyemchoma sumu, na dawa ikifaa, wa kwanza kupona ni yeye. Huku kwetu mbwa na ng'ombe huumwa na nyoka kila msimu wa mvua, na madaktari wa mifugo tunao.