Nilivyojifunza kupika chakula cha kusafiri

Nilikuwa na hoteli ndogo South C, Nairobi: meza saba, vyakula vya Pwani, wateja wengi wakija baada ya Magharibi. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, na kufikia tarehe 27 amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeanza. Biashara ya usiku ikafa pale pale. Agosti niliuza meza sita na viti vyake, nikamrudishia mwenye nyumba funguo. Meza ya saba ilikuwa na mguu uliopasuka, haikupata mnunuzi, nikabaki nayo.

Februari 2021 nilikodi chumba nyuma ya duka mtaa uleule. Jiko la gesi, sinki mbili, friji, na dirisha dogo la kuwapitishia vijana wa boda chakula. Hakuna mteja anayeingia. Leseni ya kaunti ilihitajika vilevile, na sote watatu tulipimwa afya kama wapishi wa hoteli yoyote, maana kukosa meza hakumwondolei mtu hayo. Nikajiandikisha kwenye programu za kuagiza chakula. Wakati huo Glovo, Uber Eats na Jumia Food zote zilikuwa zikifanya kazi Nairobi, na niliamini kazi iliyobaki ni kupika tu.

Wiki ya kwanza nikapata nyota mbili. Mteja aliandika kwamba pilau imefika kama uji. Pilau yangu! Niliumia, kisha nikafanya jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kufungua: nikaagiza chakula changu mwenyewe, kipelekwe kwa dada yangu Lang'ata, nami nikatangulia kukingoja. Kilichukua dakika 40. Nilipofunua kasha, kifuniko kilikuwa kimejaa matone ya maji upande wa ndani. Nilipoliinamisha, maji yakatiririka juu ya wali. Punje za juu zilikuwa zimevimba na kupasuka, mahamri ya pembeni yamelegea kama kitambaa kilicholowa. Viazi karai ndivyo vilivyonihuzunisha zaidi: ule unga wa manjano umebanduka, umelala chini ya kasha peke yake.

Nikampigia mamangu Mombasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, chakula chatoa mvuke nawe wakifunga? Kiache kipumue. Na hiyo biriani, kwani sisi twaichanganya lini? Wali mbali, masala mbali."

Alikuwa amesema kweli. Biriani ya kwetu tayari imegawanyika: wali wake, masala yake mazito, kachumbari kando. Nami, kwa tamaa ya kubana gharama ya makasha, nilikuwa nikiirundika yote mahali pamoja. Kuanzia hapo nikaitenganisha. Pilau ikawa inaachwa wazi dakika tatu tu, isije ikapoa, ndipo inafungwa kwa kifuniko chenye tundu mbili ndogo. Mahamri yakaenda kwenye mfuko wa karatasi, mdomo wazi. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na kwa mahamri karatasi ni bora kwa vyovyote.) Kuku wa kupaka hakunisumbua kabisa, tui likiwa zito husafiri vizuri. Viazi karai nikaviondoa kwenye orodha. Wapo waliovililia, lakini afadhali wavikose kuliko kuvipokea vile nilivyoviona Lang'ata.

Nyota zikapanda, oda zikaongezeka, nami nikadhani nimefika.

Juni 2022 nikasoma kwamba Kune, kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikipika na kupeleka chakula hadi kwa wateja, imefunga. Walikuwa wamekusanya mtaji wa dola milioni 1, wakiuza sahani kwa takriban dola 3. Usingizi ulinipaa. Nikachukua daftari nikakaa kwenye ile meza yenye mguu mbovu.

Biriani ya kuku niliiuza shilingi 650. Programu ilikata asilimia 30, yaani 195. Makasha na mfuko 45. Kuku, mchele, mafuta na viungo 260. Zikabaki 150. Kwa sahani 18 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni shilingi 70,200. Kodi 25,000, mishahara ya wasaidizi wawili 36,000, gesi na umeme 9,500: jumla 70,500. Miezi kumi na sita nilikuwa napika kwa jasho, na kila mwezi nakosa mia tatu hata kabla sijajilipa mimi. Bado sijahesabu ile siku mchuzi ulipomwagika njiani, mteja akarudishiwa pesa, na zikakatwa kwangu bila kuulizwa.

Sikujitoa kwenye programu, kwa sababu ndiko watu wapya walikonigundua. Lakini nikabandika jina la jiko na nambari ya simu kwenye kila kifuniko. Aliyepiga moja kwa moja alipata biriani kwa 600, akalipa kwa Till ya M-Pesa, na nauli ya boda juu yake. Kwangu zilibaki 295, karibu mara mbili. Nikapatana na vijana wawili wa boda wa mtaani, wanaojua kwamba kasha la masala hulazwa chini na la wali juu. Kisha nikaenda ofisi kwa ofisi Mombasa Road na South B, nikiomba jambo moja: oda ya Ijumaa ije Alhamisi kabla ya saa mbili usiku.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kujua idadi mapema kuliniokoa zaidi kuliko hata kukwepa makato, maana nilianza kununua kuku kwa hesabu badala ya kubahatisha na kutupa. Jumia Food ilipofunga huduma zake mwishoni mwa 2023, oda zangu nyingi tayari zilikuwa zinapitia simu yangu.

Ijumaa iliyopita zilikuwa sahani 42. Saa tano na nusu tuliyapanga makasha kwenye ile meza ya saba, mguu umefungwa waya, vifuniko vimeegemezwa kando. Kijana wa boda akachungulia dirishani, kofia tayari kichwani. "Mama, twende?"

"Bado dakika moja," nikamwambia. "Wali unapumua."