Maji ya kisima kirefu na maji ya korongoni: ninavyomwagilia kiangazi Dodoma

Bustani yangu ni nusu eka, na ina vyanzo viwili: kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine, na kisima kifupi cha karavati ndani ya mchanga wa korongo. Kwa macho, maji ya pande zote mbili ni meupe. Kwa kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi iliyoyeyuka majini, ya kisima kirefu yanasoma 2.4 dS/m (desisimensi kwa mita), ya korongoni 0.6. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nipande nini kuanzia Juni hadi Oktoba, zaidi kuliko mbegu na kuliko mbolea.

Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakipita 0.7 hivi, kitunguu 0.8, pilipili hoho 1.0, nyanya 1.7. Maharage ukiyapa maji ya 2.4, yaangalie majani ya chini: kingo zinakauka na kuwa kahawia kama zimepitiwa na moto, katikati ya jani pakiwa bado kijani. Mkulima akiona hivyo hudhani ni kiu, anazidisha maji yaleyale, au anatupia urea, ambayo nayo huongeza chumvi. Inaniuma kuona shamba zima likifa kwa kosa ambalo kipimo kidogo cha mkononi kingelizuia.

Mimi huchanganya. Kwenye tenki la lita 5,000 naweka nusu kwa nusu, napata EC ya 1.5, na nyanya zinaivumilia. Kitalu na wiki tatu za kwanza baada ya kuhamisha miche napiga maji ya korongoni peke yake, maana mche mchanga hauna ubavu wa chumvi. Vitunguu navyo ni vya korongoni tu, kwa hiyo nalima matuta machache.

Nyanya zenye matunda, kwenye jua na upepo wa Agosti na Septemba, hunywa kama lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Robo eka ni lita 5,000. Kwa maji ya mchanganyiko naongeza asilimia 15, yaani lita 750, ili yasukume chumvi chini ya mizizi. Hili linafaa kwenye udongo unaopitisha maji. Kwenye mfinyanzi unaotuamisha, utaozesha mizizi.

Kisima cha korongoni hudanganya mwezi Mei, kinapokuwa kimejaa. Kipime Septemba: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 1,800 kwa saa. Iache ifanye kazi saa mbili, kisha pima tena. Maji yakibadilika kuwa ya tope, zima mara moja, kwa sababu mchanga unakula impela, yaani feni ya ndani ya pampu. Ndiyo maana nyanya nahamishia shambani mapema Juni, mavuno makubwa yapatikane kabla maji hayajashuka.

Mipira ya matone, ile yenye vitundu vinavyodondosha maji kwenye mimea, huziba kwa sababu mbili tofauti. Maji ya korongoni huleta mchanga, na hapo chujio la mesh 120 (matundu 120 kwa inchi) linatosha, pamoja na kufungua ncha za mipira kila wiki maji yatoke kwa nguvu. Chokaa ya kisima kirefu imeyeyuka, haichujiki. Huganda mdomoni mwa kitundu tone la mwisho linapokauka. Kitundu kikipunguza kasi, naloweka kipande hicho kwenye siki, chokaa inachemka povu na kuachia.

Mvua ya kwanza ya Novemba inataka uangalifu. Kuzunguka mahali kila kitundu kinapodondosha kuna duara jeupe la chumvi iliyokusanyika msimu mzima, na manyunyu huirudisha kwenye mizizi. Nyanya hunyauka siku ya pili wakati udongo umelowa. Kukinyesha kidogo, mimi sifungi maji ya matone. Nayaacha yatiririke mpaka mvua ikatike.