Alpaka haianikwi kambani: kwa mnaobeba masweta kwenda Mwanza

Ikifika Novemba, sisi wa Mwanza tunaoishi Trondheim, Norwe, tunaanza kuulizana nani anakwenda nyumbani na begi lake lina nafasi kiasi gani. Masweta ya alpaka, yaani ya sufu ya yule mnyama wa Amerika Kusini aliye jamaa ya ngamia, hayakosi kuondoka na mtu. Anayeuliza Mwanza na sweta wapi na wapi hajawahi kupanda meli ya usiku ya Bukoba akakaa nje, wala hajawaona wazee wa Kirumba alfajiri mwezi wa saba, upepo unapotoka ziwani. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linawaka, ndiyo, lakini mchana hakuna aliyesema uvae.

Shida ni kwamba ushauri wa kutunza sufu tunaoupata huku unafikiria nyumba za huku: hewa kavu ya hita, mashine yenye mzunguko wa sufu, dari yenye baridi kali miezi kadhaa. Ukiupeleka Kirumba kama ulivyo, nusu yake haina kazi.

Tuanze na kufua. Nilipomwelekeza mama kwa simu, akacheka. "Mwanangu, nguo isiyofikichwa nayo utasema imefuliwa?" Kwa sare za shule za wanawe sita alikuwa na haki: fikicha, suuza, kamua mpaka tone la mwisho, anika juani, piga pasi. Kwa alpaka, kila moja ya hatua hizo ni hasara. Sufu ni nywele, na kila unywele una magamba madogo sana. Maji ya moto, sabuni na msuguano vikikutana, magamba yanashikana, kitambaa kinaganda na hakifunguki tena. Magamba ya alpaka yamelala zaidi kuliko ya kondoo, ndiyo maana ni laini shingoni, na ndiyo maana wengi wanadhani haigandi. Inaganda.

Ila kosa linaloonekana zaidi nyumbani si sweta kusinyaa, ni kurefuka. Mdogo wangu alilitundika la baba kambani likiwa bado linachuruzika. Jioni mikono ilikuwa inafika magotini. Unyuzi wa alpaka hauna mawimbi mengi kama wa kondoo, kwa hiyo haurudi upesi ukivutwa, na sweta lililolowa ni zito. Maji yanateremka chini yakilivuta pamoja nayo. Mzee aliendelea kulivaa, kakunja mikono mara tatu, na hakuna aliyethubutu kumnunia wala kumcheka.

Namna ya kulifua ni hii. Beseni, maji ya bomba bila kuyapasha, shampuu kidogo ya nywele, ile ya watoto inafaa kabisa. Acha sabuni ya mche, ni kali mno. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai nazo ziache: vimetengenezwa kuvunja protini, na sufu yenyewe ni protini. Jiki usiikaribishe hata tone, inaiyeyusha. Lizamishe, libonyeze kwa viganja, liache dakika kumi, bonyeza tena. Suuza kwa maji ya ubaridi uleule. Ukilinyanyua, libebe lote kwa mikono miwili kama lilivyo, usilishike mabega ukaliinua. Kisha litandaze juu ya taulo, viringisha taulo na sweta ndani, upande juu kwa miguu mitupu. Taulo litakunywa maji mengi kuliko mikono ya mfuaji yeyote, bila kusokota.

Kuanika, mama alielewa mara moja nilipomwambia alifanye kama dagaa: chanja, wavu, bapa. Sasa anatandika chandarua cha zamani juu ya kitanda cha kamba, analinyoosha sweta liwe na umbo lake, analigeuza likikauka upande mmoja. Sio juani, jua linapausha rangi. Na afadhali ndani ya nyumba dirisha likiwa wazi, kwa sababu wapo wale nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi na funza wao kuingia mwilini. Nguo nyingine tunawaua kwa pasi ya moto. Hili hupigi pasi. Ukilazimika kulianika nje, lifunike chandarua kingine kwa juu.

Wala halihitaji kufuliwa kila likivaliwa. Wanorwe hapa hutoa sufu barazani usiku mmoja na kuirudisha kabatini. Linavaliwa juu ya shati, linapungiwa upepo kivulini, mbali na moshi wa jiko, basi. Miezi inapita kabla ya beseni.

Kuhifadhi ndiko kugumu. Kila nyumba ninayoijua Mwanza ina begi juu ya kabati, na ndani yake kuna vitu vizuri ambavyo havijavaliwa vikisubiri harusi. Giza, utulivu, hakuna anayegusa: nondo wa nguo hataki kitu kingine. Wale wanaozunguka taa usiku usiwasingizie, wala zile wingu za wadudu zinazopanda kutoka ziwani. Nondo wa nguo ni mdogo, rangi ya majani makavu, urefu chini ya sentimeta moja, na anaikimbia taa. Mwenyewe hali kitu. Viwavi wake ndio wanaokula, na wanapenda zaidi penye jasho au tone la mchuzi. Kwa hiyo sweta linalowekwa muda mrefu liwe limefuliwa kwanza. Huku kwenye nyumba isiyo na hita majira ya baridi huwapunguza kasi. Mwanza hakuna kitu cha kuwapunguza kasi mwaka mzima.

Lisitundikwe, likunjwe. Liwekwe kwenye mfuko wa pamba, foronya safi inatosha, likiwa kavu hasa. Nailoni iliyofungwa wakati wa masika inazaa ukungu. Na kila mwezi litolewe, likung'utwe, au bora zaidi livaliwe. Nimemwambia mama harusi zipo kila wiki.

Ukiona tundu, friji la kugandishia linasaidia, na kwetu friji za samaki hazikosekani. Funga sweta ndani ya mifuko miwili isiyopitisha hewa, la sivyo litanukia sangara, uliache wiki mbili kwenye nyuzi −18. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukilitoa usifungue mfuko mpaka lipate joto la chumba, ili umande ubaki nje.

Majani ya mwarobaini yanafukuza kidogo, sawa na vipande vya mierezi na lavenda tunavyouziwa huku kwa bei ya kutisha. Mayai yaliyokwisha kutagwa hayajali harufu. Ninachokataa ni vile vidonge vyeupe vya nafthalini. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na upungufu huo umeenea zaidi katika maeneo ambayo malaria imekaa miaka mingi, kanda ya ziwa ikiwemo. Wengi hawajui kama wanao. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, na nyumbani nguo za mtoto na sweta la bibi hulala begi moja.

Mnaosafiri Desemba, ile mifuko ya kunyonya hewa ni nzuri kwa kubana mzigo. Mkifika Mwanza yatoeni masweta siku hiyohiyo, myakung'ute, yapumue usiku mmoja ndipo myagawe. Na anayepewa apewe na chupa ya shampuu.